King'amuzi kingine sebuleni

Mpwa wangu wa Tabata amepata kazi, na mishahara mitatu ya kwanza imemtia kiherehere. Ujumbe wake uliingia usiku wa manane: "Shikamoo anko. PS5 au Xbox? Nataka ya kucheza onlaini na washkaji." Nikaitikia marahaba, kisha nikakaa siku mbili bila kumjibu. Yeye alidhani ameniuliza kuhusu mashine. Mimi nilisoma lile neno la onlaini, nikajua kazi ipo.

Kwa upande wa mashine zenyewe za kuchezea gemu hakuna ugomvi mkubwa. Xbox Series X ya Microsoft ilitoka tarehe 10 Novemba 2020, PS5 (PlayStation 5) ya Sony ikafuata siku mbili baadaye, zote zina vichakato vya kampuni moja, AMD, na mtu wa kawaida akiwekewa gemu moja kwenye runinga mbili atababaika kusema ipi ni ipi. Pesa inaanza kuzungumza baada ya kufungua boksi. Sisi biashara hii tunaijua vizuri kuliko tunavyodhani, maana tumeishi na king'amuzi. Unanunua kiboksi kwa bei ya kuvutia, unafunga dishi, halafu unagundua kwamba mpira unaoutaka uko kwenye kifurushi cha juu. Vifurushi vya PlayStation Plus (Sony), Xbox Game Pass (Microsoft) na Nintendo Switch Online ni ving'amuzi vitatu vyenye padi.

Kila kifurushi kimechanganya vitu vitatu: ruhusa ya kucheza na watu wengine kwenye intaneti, gemu za kuazima, na sehemu ya kuhifadhi mahali ulipofikia (Xbox peke yao hii wanaitoa bure). Vimechanganywa makusudi. Ukiuliza ruhusa peke yake ni shilingi ngapi, hakuna wa kukujibu.

Nianze na hiyo ruhusa, kwa sababu ndiyo inayoniudhi. Microsoft ilipofungua Xbox Live, mtandao wake wa kuchezea, tarehe 15 Novemba 2002, ilitoza takriban dola 50 kwa mwaka, na ndani ya boksi kulikuwa na kifaa cha kuvaa kichwani cha kuongelea. Wakati ule ada ilikuwa na kazi. Upande wa PlayStation 2 ulinunua kifaa cha mtandao kando, halafu kila mtengenezaji wa gemu akaendesha mambo yake: jina jingine hapa, nywila nyingine pale, marafiki wa gemu hii hawaonekani kwenye ile. Xbox Live ilileta jina moja, orodha moja ya marafiki na sauti kwenye kila gemu. Gemu ya Halo 2 ilipokuja Novemba 2004, watu walielewa walicholipia.

Sony walikuja na PS3 mwaka 2006 wakasema kwao kucheza ni bure. Na ilikuwa bure kweli, ingawa Aprili 2011 wadukuzi waliingia kwenye mtandao wao, akaunti milioni 77 hivi zikaguswa, na huduma ikalala siku 23. PS4 ilipofika Novemba 2013, bure ikaisha. Anayetaka kucheza na wenzake akalipe PlayStation Plus. Nintendo walivumilia hadi Septemba 2018, nao wakaweka geti lao. Hivyo ndivyo ada iliyokuwa na sababu mwaka 2002 ilivyogeuka desturi ya mtaa mzima. Ushahidi kwamba ni desturi tu unao mtu anayecheza kwenye kompyuta: anafungua Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ananunua gemu yake, anacheza na dunia nzima, hakuna anayemdai kiingilio.

Kuna kichekesho kingine humo. Fortnite ni gemu ya bure, na PlayStation hawakutozi chochote kuicheza mtandaoni. Hata eFootball, gemu ya mpira ambayo imekuwa bure tangu Septemba 2021, unaingia bila Plus. Lakini ukinunua EA Sports FC, ile gemu ya mpira iliyokuwa ikiitwa FIFA, kwa karibu dola 70, ukataka kumpiga bao rafiki yako aliyeko Arusha, hapo unaambiwa ulipe geti. Aliyelipa ndiye anayedaiwa tena, na aliyekuja mikono mitupu anapita. Tena zile seva za FC zinaendeshwa na EA wenyewe, watengenezaji wa gemu, kwa hiyo usijifariji kwamba ada yako inatengeneza barabara. Xbox nao walikuwa wanatoza hata kwa gemu za bure, mpaka Januari 2021 walipojaribu kupandisha bei ya Xbox Live Gold, kifurushi chao cha kucheza mtandaoni, karibu mara mbili. Wachezaji wakawaka, kampuni ikarudi nyuma siku hiyohiyo, na kama kuomba radhi ikaahidi kuziachia gemu za bure. Ahadi ikatimizwa Aprili.

Sasa bei. Nazitaja za Marekani kwa dola maana, kwa sababu nitakazozieleza mbele, akaunti nyingi za hapa kwetu "zinaishi" huko.

Tangu Septemba 2023 PlayStation Plus ya chini kabisa, Essential, ni dola 79.99 kwa mwaka. Ya kati, Extra, ni 134.99. Ya juu, Premium, ni 159.99. Zidisha ile ya chini kwa miaka mitano na unapata dola 400, ambayo ndiyo bei iliyotangazwa kwa PS5 isiyo na sehemu ya diski ilipotoka. Yaani kwa umri wa kawaida wa mashine, unainunua mara mbili, na mara ya pili huletewi boksi. Lakini tazama bei ya mwezi, ambayo mwaka 2023 ilikuwa dola 9.99. Miezi minane kwa bei hiyo ni dola 79.92, chini ya mwaka mzima kwa senti saba. Mtu anayecheza mtandaoni chini ya miezi minane kwa mwaka, na wafanyakazi wengi ninaowafahamu hawafiki hata mitano, anatupa pesa akilipa kwa mwaka. Lipa mwezi wa likizo, zima usajili wa kujirudia siku hiyohiyo, endelea na maisha.

Hadithi ya Game Pass ni tamu mwanzoni na chungu mwishoni. Ilianza Juni 2017 kwa dola 9.99 kwa mwezi. Mwaka uliofuata Microsoft wakaahidi kwamba gemu zao zote mpya zitaingia humo siku ileile zinapotoka dukani. Huo ulikuwa ukarimu wa ajabu, na kwa miaka kadhaa mimi mwenyewe nilikuwa mhubiri wake: chukua Series S, ile Xbox ndogo ya dola 299, lipia Game Pass, sahau habari ya kununua gemu. Hata gemu ya vita ya Call of Duty ya Oktoba 2024 iliingia siku ya kwanza, baada ya Microsoft kuwanunua wamiliki wake, Activision Blizzard, kwa dola bilioni 68.7. Bei ikaanza kupanda ngazi. Kifurushi cha juu, Ultimate, kilikuwa 14.99, kikawa 16.99 mwaka 2023, kikawa 19.99 mwaka 2024, na tarehe 1 Oktoba 2025 kikaruka hadi 29.99. Kwa miezi kumi na miwili hiyo ilikuwa dola 359.88. Series S yenyewe ilizinduliwa kwa bei ndogo kuliko kifurushi chake cha mwaka mmoja kwa bei hiyo. Nimeacha kuhubiri.

Kuna kifurushi cha chini cha dola 9.99 na cha kati cha 14.99, na si vibaya, ila ile ahadi ya siku ya kwanza iliyotufanya tuipende imehamia ghorofani. Sony hawakuwahi kutoa ahadi hiyo. Gemu zao kubwa unazinunua kwanza, na kwenye Extra zinafika baadaye, mara nyingi baada ya mwaka au zaidi. Ukali wao una faida moja, kwamba hukujengewa matumaini.

Na pande zote mbili, maktaba ni ya kuazima. Gemu zinaingia na kutoka kila mwezi. Zile za kila mwezi ulizozidai kupitia Plus zinabaki kwenye orodha yako, lakini ukiacha kulipa zinajifunga, na kufuli linakutazama kila ukiwasha.

Nimefika kwenye jambo ambalo wachambuzi wa Ulaya na Marekani hawaligusi kabisa, kwa sababu kwao halipo. Ukifungua PS5 yako Dar es Salaam, unaulizwa uchague nchi. Tanzania haimo. Kenya haimo. Afrika Kusini imo. Kwa hiyo sisi sote tumekuwa Wamarekani na Waingereza wa kujitengenezea, na anuani za mitaa tusiyoijua. Kwa masharti ya Sony unatakiwa kusema kweli mahali unapoishi. Ukisema kweli, huna akaunti.

Hali hii ilikuwa kero ya kimyakimya hadi Mei 2024. Helldivers 2, gemu ya Sony iliyotoka Februari mwaka huo kwa PS5 na kompyuta, ilikuwa imepata wachezaji wengi sana kwenye Steam. Mapema Mei Sony wakatangaza kwamba hata wa kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation. Ndipo watu wakakumbuka kwamba nchi nyingi hazina huduma hiyo. Gemu ikaondolewa sokoni kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170, malalamiko yakafurika, na ndani ya siku chache Sony wakafuta agizo. Kwa wengi duniani hiyo ilikuwa kashfa ya wikiendi moja. Kwetu ilikuwa ramani: mara ya kwanza tuliona tumechorwa nje ya mstari, pamoja na wenzetu wengi kuliko tulivyofikiri.

Kampuni zinatofautiana katika mambo ya mipaka, na kwangu tofauti hii ina uzito kuliko idadi ya gemu. PlayStation hawakuruhusu kubadili nchi ya akaunti baada ya kuifungua. Ukichagua Uingereza, ulibaki Mwingereza mpaka kufa, au ufungue akaunti mpya na kuacha kila ulichonunua. Microsoft wanakuruhusu kuhama mara moja kila miezi mitatu. Nintendo wanakuacha ubadili nchi kwenye mipangilio, mradi usiwe umebakiza salio.

Kwa nini inauma? Kadi ya benki ya hapa mara nyingi inakataliwa kwenye duka la nchi nyingine, kwa hiyo tunanunua vocha, na vocha lazima ifanane na nchi ya akaunti. Mwaka juzi nilimnunulia mwanangu vocha ya dola kwenye kiduka kimoja mjini. Kijana akakwangua akanipa, tukaingiza nyumbani, ikakataa. Akaunti ilikuwa ya Uingereza. Niliifungua mwenyewe miaka mingi nyuma kwa sababu ambayo siikumbuki. Vocha iliyokwanguliwa hairudishwi. Nilimpa mtoto wa jirani mwenye akaunti ya Marekani, na mpaka leo ananisalimia kwa heshima za pekee. Basi kabla ya kununua chochote, angalia nchi ya akaunti yako, na kama ndiyo kwanza unafungua, chagua nchi ambayo vocha zake zinapatikana kwa urahisi mjini kwako. Hata diski ina kijimtego. Inacheza popote, lakini nyongeza za gemu unazonunua mtandaoni sharti ziendane na eneo la diski. Ukiwa na diski ya Ulaya na akaunti ya Marekani, nyongeza uliyolipia haitaonekana.

Halafu umbali. Mwanga ndani ya waya wa kioo unakwenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na hakuna kifurushi kinachouongezea kasi. Kila kilomita 1,000 hadi kwenye seva ni milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Johannesburg iko kilomita 2,500 hivi kutoka Dar kwa mstari ulionyooka, Frankfurt karibu 7,000, na nyaya za baharini hazinyooki. Kwa hiyo wewe wa Mbagala ukicheza na mwenzako wa Mikocheni, na seva ya gemu iko Ulaya, pasi yako inavuka Bahari ya Shamu ndipo imfikie mtu ambaye ungemfuata kwa daladala. Ukiona beki wako anageuka baada ya goli kuingia, usimlaumu Sony wala Microsoft. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini, waliolipa Premium na ambao hawakulipa kitu walikaa kimya kwa usawa. Diski ziliendelea kucheza.

Kuhifadhi mahali ulipofikia nitakupitisha haraka, ingawa katika mji wenye umeme wa kukatika na wezi wa madirishani si jambo dogo. Xbox wanahifadhi kwenye seva zao bure, hata usipolipa senti. Sony na Nintendo wanadai usajili, na PS5 haikuruhusu kunakili kwenye flashi hifadhi ya gemu moja ya PS5. Labda ufanye nakala ya mashine nzima. Hapa Microsoft wanastahili sifa bila kusitasita, nami huwa nashangaa kwa nini hawajitangazi kwa hilo.

Nintendo ni ulimwengu wake. Dola 19.99 kwa mwaka kwa mtu mmoja, au 34.99 kwa familia ya hadi akaunti nane. Ndiyo ya bei rahisi kuliko zote, na kwa miaka mingi urahisi huo wa bei ulionekana kweli: kuzungumza na wenzako ulihitaji programu kwenye simu, wakati mchezo uko kwenye runinga. Switch 2 ya Juni 2025 ina kitufe chake cha maongezi. Mwenye watoto watatu wanaogombania Mario Kart asipoteze muda kusoma makala yangu, anunue Switch.

Kwa mpwa wangu nilihitaji kujua jambo moja tu: hao washkaji wanachezea nini? Tangu FIFA 23, mwenye PS5 anaweza kukutana na mwenye Xbox Series au kompyuta kwenye mechi moja, kwa hiyo ule ukuta wa zamani kati ya kambi mbili umetobolewa. Uliobaki ni ukuta wa vizazi. FC ya PS4 na FC ya PS5 hazikutani. Mwenye PS5 anaweza kupakua toleo la PS4 akashuka kuwafuata wenzake, lakini hapo anacheza gemu ya zamani kwenye mashine ya bei mpya.

Nikamwandikia ushauri. Kama hao vijana wana mashine mpya, nunua PS5 yenye sehemu ya diski, usiangalie ile isiyo nayo hata ikishushwa bei. Diski unaiuza, unabadilishana, unaazima kwa jirani. Hilo ndilo Game Pass letu, na lilikuwapo kabla ya Game Pass. Usilipe Extra wala Premium. Lipa Essential mwezi unaotaka kucheza, na kwa miezi mingine eFootball ipo. Ukiwa mtu wa kucheza peke yako, mwenye intaneti ya waya isiyohesabu gigabaiti, na huna haja na mpira, Xbox na kifurushi cha kati bado ina hoja. Lakini gemu moja kama Call of Duty inapita gigabaiti 100, na ukiishusha kwa bando la simu utajuta kabla haijafika nusu. Nikamalizia kwamba Series S haina sehemu ya diski kabisa, ili asije akaniambia nilimficha.

Jibu lake lilikuja baada ya wiki. Alifanya alichoambiwa: aliwahesabu. Washkaji sita. Wanne wana PS4. Mmoja hana kitu, huwa anacheza kibandani kwa kulipia mechi. Wa sita ana PS5, lakini anaishi Doha na hupatikana Ijumaa tu. Kijana akanunua PS4 iliyotumika, padi mbili, na FC ya diski ya misimu miwili nyuma. Essential hajalipa.

Jumamosi iliyopita nilipita Tabata. Sebuleni walikuwa watano, kochi halitoshi, sheria ya kibandani inatumika neno kwa neno: mshindi anabaki. Nilisubiri zamu yangu dakika arobaini. Nikafungwa nne bila, nikaambiwa, "Anko, padi," nikaikabidhi.